Kipaza Sauti cha Gudrun

Wiki iliyopita niliwaacha ndani ya tramu mjini Vienna, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa mume wangu. Wengi wenu mmeniandikia kunipongeza. Mmoja amesema alilia kwa furaha. Haya dada, weka akiba ya machozi, utayahitaji.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: naitwa Rhian, napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno huko Swansea, Wales. Mume wangu ni Gethin. Tuna watoto wawili, Cadi wa miaka kumi na saba na mdogo wake Macsen wa kumi na minne. Mwanzoni mwa Mei, Gethin alizima gari kwenye maegesho ya supamaketi, maziwa na mkate vikiwa kwenye buti, akaniambia amechoka na ndoa yetu. Hana mwanamke mwingine, alisema. Amechoka tu.

Nilimwuliza kama anasema hivyo kwa hasira. Akasema hana hasira hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Lakini safari ya Vienna ilikuwa imeshalipiwa, ndege na hoteli, na pesa hazirudishwi. Kwetu sisi ndoa inaweza kuvunjika, likizo iliyolipiwa haivunjwi. Tukakubaliana twende hivyo hivyo, watoto wasijue kitu, wapate likizo moja nzuri ya mwisho ya watu wanne. Tutawaambia Jumapili tukishafika nyumbani.

Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa na langu moyoni. Nilijiambia, akituona tena sote wanne tunacheka mahali pazuri, atarudi. Hilo ndilo nililolifuata Vienna. Makasri sikuwa na haja nayo.

Ndipo akanishika mkono kwenye tramu, mbele ya watoto, bila kuombwa.

Kesho yake asubuhi nilishuka kwenda kunywa chai nikiwa nimepaka rangi ya mdomo.

"Umependeza, Mama," Cadi akasema.

Ngojeni niwaeleze uzito wa jambo hilo. Cadi hajaniambia nimependeza tangu aanze sekondari. Kwa kawaida akiwa nasi barabarani hutembea nyuma kabisa, watu wasije wakadhani ni wetu.

"Unataka pesa?" nikamwuliza.

"Jamani, Mama! Mtu hawezi kukusifu?"

"Unafanana na yule mama wa utabiri wa hali ya hewa," Macsen akasema, mdomo umejaa mkate. Dada yake akamkanyaga chini ya meza. "Kwa uzuri," akaongeza haraka.

Kisha Cadi akainuka mwenyewe kwenda kuniombea maji yanayochemka. Majani ya chai natembea nayo kutoka nyumbani, kama mtu yeyote mwenye akili, lakini hoteli hizi hukuletea maji ya vuguvugu, na ukilalamika wanakutazama kana kwamba umeomba damu. Cadi alirudi na maji yanatoa mvuke, akaniwekea na maziwa.

"Leo ni lile kasri, si ndio?" Macsen akauliza. "Nimesoma habari zake."

"Umesoma? Wewe?"

"Kidogo tu. Usimwambie mtu."

Gethin alikuwa anavunja ganda la yai lake kwa kijiko, polepole, bila kuinua macho. Nikanywa chai yangu. Nilijiambia moyoni, likizo inafanya kazi. Tazama watoto walivyo. Mtu gani ataacha meza kama hii?

Kiongozi wetu kasrini aliitwa Gudrun, mama wa makamo mrefu mwenye nywele fupi za kijivu. Kundi lilikuwa la watu wa kwetu Uingereza na Wales, wengi wao wastaafu. Alitugawia kila mtu kisanduku cha kuning'iniza shingoni na waya wa kuweka sikioni. Yeye alikuwa amebana kipaza sauti kidogo kwenye kola. Alizungumza kwa sauti ya chini kabisa, nasi sote tukamsikia sikioni, hata ukiwa mwisho wa ukumbi.

"Msivue," alituonya. "Anayevua hupotea, na nikipoteza Mwingereza hata mmoja naulizwa maswali siku nzima."

"Sisi si Waingereza," mimi na Gethin na Macsen tukasema kwa pamoja. "Sisi ni watu wa Wales."

Kundi zima likacheka. Gethin naye akacheka, akanitazama. Nawaambia ukweli wangu, niliona haya kama msichana. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kwa kutazamwa na mume wangu mwenyewe.

Vyumba vyenyewe sikumbuki hata kimoja. Dhahabu, dhahabu, kitanda cha mtu aliyekufa, dhahabu. Kando yangu alitembea bibi mmoja wa mji wa Wigan aliyejitambulisha kwa jina la Doreen, akilalamikia magoti yake kila tulipovuka kizingiti.

"Baba, Mama, simameni hapo niwapige picha," Cadi akasema. "Sogeeni. Sogeeni basi! Huu si mkutano wa wanahisa."

Gethin akaniwekea mkono kiunoni. Niliusikia kupitia koti.

Tulipofika kwenye ukumbi mkubwa wa vioo, Gudrun akatuambia tutawanyike tujitazamie wenyewe kidogo. Nikaenda dirishani. Huko nje watu walikuwa wanapiga picha maua. Nilikuwa nafikiria Krismasi ijayo, tutakula kwetu au kwa mama yake, nilipomsikia Gudrun sikioni.

"Samahani bwana. Mkeo ni mzima? Namwona kama amepauka. Kuna kiti pale nyuma, naweza kumletea."

Niligeuka. Walikuwa mbali, upande wa pili wa ukumbi, chini ya taa kubwa, yeye na Gethin, vichwa vimekaribiana, waya wa Gethin umetolewa sikioni unaning'inia kifuani. Kipaza sauti kilikuwa pale pale kwenye kola.

"Ni mzima," sauti ya Gethin ikasema ndani ya sikio langu. "Ahsante. Ni kwamba tu... tunaachana. Tukirudi nyumbani."

"Oh. Pole sana bwana."

"Hapana, mimi ndiye niliyetaka. Tumekuja kwa sababu tulikuwa tumeshalipa."

Karibu yangu mtu alianza kucheka, akageuza ikawa kikohozi.

"Anaamini nitabadili nia," Gethin akaendelea. "Namwona anavyojitahidi. Leo amepaka mpaka rangi ya mdomo. Siwezi kumvunja moyo hapa, kwa hiyo namwacha aamini mpaka Jumapili. Ni vibaya?"

"Sijui bwana. Mimi naongoza watalii."

"Uamuzi wangu haubadiliki. Kama si likizo hii ningekuwa nimeshahama."

Mzee mmoja wa kundi letu akawafikia kwa mwendo wa haraka, akamgusa Gudrun bega, akajigonga kola yake mwenyewe kwa kidole. Gudrun akashika shingo. Ikasikika kama kitu kinachovunjika, kisha sikio likawa kimya.

Mnajua mdomo unavyokuwa baada ya sindano ya daktari wa meno? Unaugusa, unajua ni wako, lakini wenyewe hauna habari nawe. Mimi ndiye huwaambia wagonjwa wasile cha moto mpaka ganzi iishe. Nilisimama pale dirishani nikiwa hivyo mwili mzima.

Hakuna aliyeguna. Watu wa kwetu wakiisikia aibu ya mwenzao hutazama juu. Kundi zima, wanaume kwa wanawake, waliinua shingo wakaanza kuchunguza dari.

"Dari zuri," Bi Doreen akasema.

"Ndiyo."

"Wamefanya kazi hapo."

"Ndiyo."

Akapekua mkoba wake. "Chukua peremende, mpenzi. Chukua mbili."

Nilikuwa nimeshaiweka mdomoni ndipo nikakumbuka kwamba watoto nao wana waya masikioni.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi upande wa ukutani. Cadi alikuwa mweupe pe. Macsen alikuwa ameuvua waya wake anauzungusha kwenye kidole. Nilivuka ukumbi haraka nikipanga uongo njiani, maana huo mzigo ulikuwa wangu, niliubeba kutoka Swansea ili wao wasiubebe.

"Sikilizeni," nikasema. "Hayo mliyosikia, baba yenu alikuwa anatania na yule mama..."

"Mama, kaa," Cadi akasema.

"Ni mzaha wa kijinga, mnamjua baba yenu..."

"Mama. Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Tunajua yote. Tangu Pasaka."

Nilikaa. Pasaka nilichoma mguu wa kondoo. Tulikaa wanne mezani tukavaa zile kofia za karatasi zilizobaki toka Krismasi, kwa sababu Macsen alitaka. Pasaka mimi nilikuwa sijaambiwa.

"Alituambia kila mtu peke yake," Macsen akasema. "Mimi kwenye gari, tukitoka mazoezi ya raga."

"Mimi kwenye duka la samaki na chipsi," Cadi akasema. "Aliniongezea soseji bila kumwomba. Nikajua hapa kuna msiba."

"Akasema tusikuambie kitu," Macsen akasema. "Akasema tukupe likizo nzuri."

Mbele yetu watu wa kundi walikuwa bado wanasoma dari.

"Kwa hiyo yale maji ya moto asubuhi," nikasema.

"Ningekuletea tu, Mama."

"Tangu lini?"

Cadi akaanza kuzungusha kisanduku chake shingoni.

"Mimi ile ya kasri nilisoma kweli," Macsen akasema. "Ukurasa mmoja."

Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja, nikakishika. "Lakini jana alinishika mkono. Kwenye tramu. Hapo hakuna aliyemlazimisha."

Cadi akatazama viatu vyake.

"Cadi."

"Nilimtumia ujumbe," akasema. "Ulikuwa umekaa unatazama nje, Mama. Ulikuwa unaonekana... sijui. Nikamwandikia, si umshike hata mkono."

Nikakumbuka simu ya Gethin ilitetemeka mfukoni kabla ya hapo. Nilidhani ni watu wa kazini.

Hapo ningelia, kama mwili ungekuwa wangu. Nilitafuna peremende ikaisha.

Gethin alikuja, uso mwekundu mpaka shingoni. "Rhian, Mungu shahidi, sikujua kile kitu kimewashwa."

"Wamesikia wote."

"Najua. Yule mzee ameniambia." Akajipangusa paji la uso. "Unataka tuondoke?"

"Tumelipia vyumba vyote," nikasema.

Basi tukamaliza ziara. Mnaweza kucheka, mimi mwenyewe nikiisimulia nacheka. Gudrun alitufafanulia vyumba vilivyobaki kwa sauti inayotetemeka, mkono mmoja umeshika kola muda wote. Kila tulipofika mlangoni kundi zima lilisimama pembeni ili nipite kwanza. Hata malkia mwenyewe wa lile kasri nadhani hakuwahi kupishwa hivyo.

Bustanini Gethin alisema anakwenda kununua aiskrimu. Hakuna aliyekuwa ameitaka. Alikwenda karibu mbio.

Tulibaki watatu kwenye benchi. Nikauliza swali lililobaki, lile nililokuwa nimepanga kutoliuliza kamwe kwa sababu halingehitajika.

"Aliwaambia mtakaa na nani?"

"Alisema tuchague," Cadi akajibu. "Alisema hakuna jibu baya."

"Mkachagua?"

Walitazamana.

"Mimi nilisema nitakaa na Baba," Macsen akasema, maneno yakimtoka yote kwa mara moja. "Usikasirike, Mama. Nilijua Cadi atakaa na wewe, si ndiye binti. Nikaona Baba atabaki peke yake, na hata mashine ya kufulia hajui inawashwa wapi. Sikutaka mtu abaki peke yake."

Nilimshika kichwa nikakivutia begani. Iliuma, na nilishangaa kuona kwamba bado kuna kitu kinachoweza kuuma. Lakini nilimwelewa. Mmoja kwake, mmoja kwangu. Hilo ningeweza kuishi nalo.

Nilimgeukia Cadi nimshukuru. Uso wake ulikuwa umemshuka.

"Macs," akasema polepole. "Wewe ulisema na Baba?"

"Ndiyo. Kwani nini?"

"Mimi nilisema na Baba."

"Wewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ndiye mtoto wa Mama! Nani angefikiri utaondoka? Mpaka leo anakukata kucha!"

"Hanikati kucha!"

"Za miguu!"

"Ilikuwa mara moja, nilikuwa nimevunjika mkono!" Macsen akanyamaza. Nikamwona anapiga hesabu, kijana wa watu, midomo inacheza. "Basi nani anabaki na Mama?"

Cadi akafunika mdomo kwa kiganja.

"Nitabadilisha mimi," akasema.

"Hapana, mimi mkubwa, nibadilishe mimi."

"Wewe una mitihani, nyumba ya Baba itakuwa karibu na shule, umesema mwenyewe."

"Nitapanda basi. Kaa kimya."

"Kaa kimya wewe!"

Wakaanza kugombana pale pale, sauti juu, kama wanavyogombania kiti cha mbele cha gari tangu wadogo, ila leo kila mmoja alikuwa anajitolea kukaa nyuma. Hawakuwa wananigombania. Walikuwa wanagombana nani aachiwe mimi. Watoto wazuri, sikuwalea vibaya, na nilitamani ardhi inimeze.

Kisha nikaelewa jambo jingine. Hawa wawili hawakuwa wameambiana, lakini kila mmoja alikuwa amempa Gethin jibu lake. Gethin alikuwa na majibu yote mawili. Alikuwa nayo tangu kabla hajazima gari pale supamaketi. Alijua nitarudi kwenye nyumba tupu, akakaa mbele yangu asubuhi ile anavunja ganda la yai.

Alikuwa anakuja kwenye kokoto, aiskrimu mbili mkono huu, mbili mkono huu, zinamchuruzikia mpaka kwenye vifundo vya mikono.

"Nani alitaka ya pistachio?" akauliza.

Watoto wakaacha kugombana.

"Wote wawili walikuchagua wewe," nikamwambia.

Akamtazama Cadi, akamtazama Macsen, akarudi kwangu. Hakukana, hilo nampa.

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukwambia," akasema.

"Jumapili?"

"Jumapili."

Katika safari zetu Gethin ndiye hubeba pasipoti, zote nne, kwenye mkoba wa kiunoni, tangu Macsen akiwa wa kubebwa. Sijawahi kubeba yangu mwenyewe. Nilisimama, nikamsogelea kama ninayetaka kumkumbatia, nikafungua zipu.

"Rhian, unafanya nini? Rhian. Watoto wanaona."

Hakuweza kunizuia, mikono yake ilikuwa imejaa. Aiskrimu ilidondoka kwenye mkono wa koti langu.

"Waache waone," nikasema. "Si wanajua kila kitu?"

Nilizifungua pasipoti moja moja mpaka nikaiona picha yangu, ile inayonionyesha kama mtu aliyekamatwa. Nikaichukua. Zile tatu nikazirudisha pamoja, nikafunga zipu, kwa sababu mimi ni mtu anayefunga zipu.

Halafu nikaanza kutembea kuelekea langoni. Ilikuwa Alhamisi, saa za mchana, jua zuri. Niliwapita Bi Doreen na wenzake kwenye mkahawa wa bustani, na wote kwa pamoja wakatazama juu, ingawa safari hii hapakuwa na dari.

"Mama!" Ilikuwa sauti ya Macsen, ile inayokatika katikati siku hizi. "Mama, unakwenda wapi?"

Nilitaka kumjibu mwanangu. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini mawazo yangu yalikuwa yamefika langoni tu, hayajavuka, kwa hiyo niliendelea kutembea.